Taa ya njano kwenye paneli ya kengele ya moto

Dada, umeuliza kama taa ya njano iliyowaka kwenye paneli (lile kasha la ukutani linaloongoza kengele za moto) ina maana gesti yako ina moto. Haina. Moto ungewasha taa nyekundu na kupiga ving'ora jengo zima. Njano pamoja na huo mlio mdogo unaowakera mapokezi ni paneli inalalamika kwamba ina hitilafu. Na kwa kuwa umesema ilianza baada ya umeme kukatika Kigoma usiku kucha, mimi naishuku betri ya akiba iliyo ndani ya paneli, inayoiwasha umeme ukikatika.

Fundi afungue kasha. Kwa kawaida atakuta betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata 24. Umeme ukiwepo, mita isome kama volti 27 kwenye ncha za mwisho. Kisha azime sakiti breka ya paneli na kupima tena: zikiporomoka hapo hapo, zimeshakufa. Abadilishe zote mbili kwa mkupuo, aina moja na ukubwa mmoja, maana mpya ukiifunga na kuukuu, kuukuu itaiua mpya. Tarehe aiandike juu kwa maka peni. Zikifika miaka minne hivi ni za kushukiwa tu. Betri ya bodaboda hapana, hata fundi akiapa (wapo wanaoapa). Haikutengenezwa kukaa kwenye chaji miezi na miezi.

Kitufe cha kunyamazisha bonyeza, wageni walale, ila hitilafu ipo palepale. Paneli isizimwe "mpaka wiki ijayo". Ikibidi kuzimwa saa chache, mlinzi azunguke korido, na namba ya Zimamoto, 114, awe nayo.