Undugu wa Apraksin na cheo chake
Umeuliza kama Fyodor Apraksin wa Urusi alipewa uadmirali (cheo cha juu cha jeshi la majini) kwa sababu ya dada yake tu. Mlango ulifunguliwa na undugu, kweli: dada yake, Marfa, aliolewa na Tsar (mfalme wa Urusi) Feodor III mwaka 1682, akafiwa baada ya miezi michache. Lakini Fyodor aliifanya kazi hasa. Alisimamia ujenzi wa meli Voronezh, akaukinga mji wa Saint Petersburg dhidi ya Waswidi mwaka 1708, akauteka mji wa Vyborg kutoka kwao mwaka 1710. Katika vita vya baharini vya Gangut, 1714, upepo ulitulia, meli za tanga za Waswidi zikakwama, naye akapitisha merikebu zake za makasia. Hapo namheshimu sana. Kaka yake, Pyotr, alikuwa gavana wa Astrakhan, kisha Kazan.