Gia boksi iliyotumika: nilipe kwanza?

SWALI: Fundi, salaam. Navulia Msimbati, mashine yangu ya boti ni Yamaha 40, hizi za kuchanganya petroli na oili. Gia ya mbele inaruka nikiongeza moto. Fundi wa huku kasema gia boksi limekwisha. Kuna jamaa Mtwara mjini anauza lililotumika, ila anataka hela kwanza, eti wateja ni wengi. Nitume? – Mvuvi, Msimbati

JIBU: Mdogo wangu, usitume hata shilingi. Hao wateja wengi huwa hawaonekani ukifika.

Kwanza, gia kuruka mara nyingi ni klachi ya ndani iliyolika pembe, wala si boksi zima. Inalika kwa kuingiza gia kwa kubembeleza. Gia ya boti huingizwa kwa mkupuo mmoja, moto ukiwa chini. Mwambie fundi wako afungue, uione kwa macho yako.

Ikiwa kweli limekwisha, nenda mjini na bisibisi pana. Boksi lisimame wima, legeza skrubu ya chini, kinga oili kwa kidole. Nyeusi si neno. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, sili, yaani mipira ya kuzuia maji, zilipitisha maji ya chumvi na beringi zimeanza kutu. Hilo liache hata akikupunguzia bei. Ikitoka mpya inang'aa, muulize ya zamani kaimwaga lini na kwa nini. Kisha zungusha shafti ya propela taratibu ukiangalia ncha yake. Ikiyumba, ilishapiga mwamba.

Pima pia urefu. Kuna mguu mfupi na mguu mrefu, wa tezi (ubao wa nyuma inapofungwa mashine) ya inchi 15 na wa inchi 20, na shafti zake haziingiliani. Yamaha 40 yenyewe iko ya silinda mbili na ya silinda tatu, kwa hiyo nenda na picha ya kibao cha namba kilichopo kwenye bano la mashine yako.

Vyuma nunua vilivyotumika. Impela (kile kipira kinachovuta maji ya kupoza mashine) na sili, hapana, chukua mpya. Mpira wa mtu mwingine ukikufia nje huko na kusi linavuma, utapiga kasia mpaka mikono ikatae.

Mwisho, mashine za wizi zinauzwa vipande vipande. Muuzaji aandike hati, ataje namba ya mashine ilikotoka, mkasaini mbele ya viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha ufukweni. Akikataa, panda gari urudi Msimbati.