Mwenzako Hashawishiki kwa Semina, Mwite Darasani

Juzi mkufunzi mmoja wa kemia, yuko chuo fulani huko Tabora, kaniandikia: "Kaka, nimetoka semina ya mbinu shirikishi, zile za kumfanya mwanachuo ajadili badala ya kunakili tu, nikawaeleza wenzangu idarani, wakanicheka. Nifanyeje?"

Kwanza, pole. Pili, acha kuwaeleza. Mimi nafundisha fizikia Kigoma, na hayo ya kuchekwa nayajua. Nilipoanza kuwaacha wanachuo wabishane darasani, mwenzangu wa chumba cha jirani alitangaza kikaoni kwamba darasa langu limekuwa soko la Mwanga. Watu wakaangua kicheko. Miaka imepita, sijasahau, na wala sijajaribu.

Kilichomgeuza ni ndoo. Natia maji kwenye ndoo nyembamba (beseni pana halifai, tofauti haionekani), naelesha bakuli la plastiki lililobeba nati kubwa za chuma, nachora mstari pale maji yalipofika. Kisha nauliza: nikizitoa nati bakulini nikazitumbukiza majini, maji yatapanda, yatashuka au yatabaki palepale? Kila mtu anajibu kwa vidole kifuani, jirani asione. Wanachuo waliokua wakitazama mitumbwi ya dagaa pale Kibirizi, ungedhani watapatia. Wapi! Wengi husema yatapanda. Sisemi kitu. Nawaambia wageukiane, kila mmoja amshawishi mwenzake, halafu wapige kura upya. Hapo ndipo soko linapofunguliwa. Nati zinazama, maji yanashuka chini ya mstari, na waliokaa nyuma wanapanda juu ya madawati waone. Chuma kikibebwa na bakuli husukuma maji yenye uzito sawa na wake; kikizama husukuma maji ya ujazo wake tu. Baada ya ubishi ule, sentensi hiyo haihitaji kuimbwa.

Utaratibu huo wa kura, ubishi, kura tena, mwalimu mmoja, Eric Mazur, aliuanza kwenye madarasa yake ya fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1991. Mimi nimeongeza nati tu.

Basi yule bwana akaja kuchungulia kelele. Nikamkaribisha akae nyuma. Baadaye akaja kuazima ndoo. Leo anasema mbinu ni yake. Haya, na iwe yake!

Kwa hiyo mwite mtu mmoja tu. Mpe swali moja lililo tayari, la mada anayoifundisha wiki hiyohiyo. Asikupe habari za mtaala kutoisha; swali moja halimalizi kipindi. Mwenye kupenda takwimu mtajie uchambuzi wa mtafiti Scott Freeman na wenzake wa mwaka 2014: tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni, na waliofeli kwenye mihadhara mitupu walikuwa karibu asilimia 34, dhidi ya 22 kwa ufundishaji shirikishi.

Ila muonye kwamba wanachuo watanung'unika. Utafiti wa Harvard wa mwaka 2019 ulikuta waliofundishwa kwa kushiriki walijifunza zaidi huku wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo. Awaambie mapema, kisha asirudi nyuma. Swali moja, kila kipindi.

Na ninyi wakuu wa idara, mnaowapeleka watu semina halafu mnawapima kwa wingi wa notsi ubaoni, mnataka nini hasa? Posho imeliwa, cheti kimetundikwa, Jumatatu mtu anaingia darasani na kuamuru "andikeni". Wapangieni wakufunzi wawiliwawili, mgeni na mzoefu, waandae maswali pamoja, na saa hiyo ionekane kwenye ratiba. Kama haipo kwenye ratiba, msituite tena semina.