Kabla Hujalipia Baiskeli ya Milimani ya Shokapu Mbili

Baiskeli yangu ya kwanza ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma niliinunua ikiwa mpya, na gia zake 21, diski zinazong'aa, na springi nene nyekundu katikati ya fremu ambayo kwa kweli ndiyo iliyonishawishi. Baada ya miezi miwili hivi ya kupita kwenye mizizi na mawe nikaanza kusikia kitu kikigonga chini yangu kila nilipoketi au kuinuka. Nikaipeleka kwa fundi. Alishika kiti kwa mkono mmoja na gurudumu la nyuma kwa mkono wa pili, akalisukuma kulia na kushoto, na sehemu yote ya nyuma ikacheza kama mlango uliolegea bawaba. Alipofungua bolti ya kiungo tulikuta bushi ya plastiki, yaani pete inayovishwa kwenye ekseli ya kiungo, ambayo tundu lake, lililokuwa duara, sasa lilikuwa na umbo la yai. Haikuwa na namba yoyote. Aliyeniuzia hakuwa na nyingine, wala hakujua zinakopatikana, kwa hiyo fremu ambayo haikuwa na hata mkwaruzo ikawa imefika mwisho wake kwa sababu ya kipande kisichozidi ukubwa wa kifungo cha shati.

Tangu wakati huo nimemiliki nyingine mbili na kuwasaidia marafiki kadhaa kuchagua za kwao, na ushauri ninaompa anayeanza akiwa na fedha kidogo haujabadilika: fedha hiyo inunue kwanza fremu yenye viungo vinavyotengenezeka, pamoja na shokapu ya nyuma inayoweza kurekebishwa ilingane na uzito wa mpandaji. Gia, matairi, kiti, usukani na hata breki vinaweza kubadilishwa kimoja kimoja kadiri uwezo unavyoruhusu. Fremu mbovu haina tiba.

Nianze na viungo, kwa kuwa ndivyo wanunuzi wengi wasivyovitazama kabisa. Sehemu ya nyuma ya baiskeli hizi hupanda na kushuka kwa kuzunguka kwenye ekseli fupi, na ndani ya kila kiungo kuna ama bushi ama beringi. Bushi nzuri zipo na zina kazi yake, hasa kwenye ncha za shokapu yenyewe, lakini kwenye kiungo kikuu kilicho karibu na pedeli, kinachobeba mzigo kila unapokanyaga, tafuta beringi zilizofunikwa. Faida yake ni kwamba beringi hizo huwa na namba za kimataifa zilizoandikwa ubavuni. Baiskeli yangu ya pili ilipoanza kukwaruza, fundi yuleyule alifuta grisi kwa kidole, akasoma 6902, yaani tundu la milimita 15, upana wa nje milimita 28 na unene milimita 7, na siku hiyohiyo akazipata kwa muuza beringi ambaye hashughuliki na baiskeli hata kidogo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya baiskeli ya kudumu na ile ya kutupwa, nayo haionekani kwenye picha ya tangazo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kiungo kikuu kina nini ndani na vipuri vyake vinapatikanaje. Akishindwa kujibu swali hilo, mimi huondoka.

Muundo wa viungo wenyewe usikutie wasiwasi sana. Utasikia watu wakibishana juu ya kiungo kimoja dhidi ya viungo vinne, na ni kweli kwamba muundo wa viungo vinne unaojulikana kwa jina la mbunifu wake Horst Leitner ulilindwa na hataza iliyomilikiwa na kampuni ya baiskeli ya Specialized hadi ulinzi huo ulipokwisha nchini Marekani mwaka 2013, na baada ya hapo kampuni nyingi ndogo ziliweza kuutumia bila kikwazo. Hata hivyo, baiskeli ya kiungo kimoja iliyotengenezwa kwa uangalifu, yenye beringi nzuri na shokapu nzuri, huenda vizuri na ni rahisi kuitunza. Baiskeli ya Giant Stance, kwa mfano, imejengwa kwa muundo sahili ambao hauna viungo karibu na ekseli ya nyuma, kwa kuwa mirija ya nyuma yenyewe hunyumbuka kidogo, na kwa anayeanza hiyo ni kusema ana beringi chache za kubadilisha.

Sasa shokapu ya nyuma, ambayo ndiyo roho ya jambo hili. Shokapu hufanya kazi mbili. Springi, iwe ya chuma au ya hewa iliyobanwa, hupokea pigo. Mafuta yanayopita kwenye vitundu vidogo ndani yake hulituliza pigo hilo, yakiligeuza kuwa joto, ili baiskeli isirudi juu kwa nguvu ileile iliyokandamizwa nayo. Shokapu za bei ya chini kabisa zina springi peke yake. Ukipita juu ya jiwe kwa kasi, springi hiyo hukurudishia kila ilichopokea, na kiti hukusukuma kuelekea mbele wakati ule ambao ungetaka kubaki nyuma. Kipimo chake ni chepesi: simama kando ya baiskeli, kandamiza kiti kwa viganja viwili hadi chini, kisha achia ghafla. Ikiruka juu na gurudumu likaachana na ardhi, hakuna mafuta yanayofanya kazi humo ndani. Shokapu ya kweli hurudi kwa utulivu, na ina kitufe cha kuzungusha, mara nyingi chekundu, cha kupunguza au kuongeza kasi ya kurudi. Kizungushe, kandamiza tena, na tofauti lazima uione.

Kwa mnunuzi wa kwanza napendelea shokapu ya hewa, na sababu yangu ni uzito wa mpandaji. Springi ya chuma hutengenezwa kwa ugumu fulani, na ule mduara wenye nyuzi unaozungushwa juu yake haubadilishi ugumu huo. Huikaza tu mwanzoni. Mtu wa kilo 55 na mtu wa kilo 95 hawawezi kutumia springi moja wakaridhika wote wawili. Kwenye shokapu ya hewa, kila mmoja anajaza hewa inayomfaa kwa pampu ndogo maalumu yenye kipimo, na pampu hiyo ihesabu kuwa sehemu ya bei ya baiskeli, kwa sababu pampu ya kawaida ya tairi haifai kwa kazi hii.

Kuhusu umbali ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka, vishawishi ni vingi. Baiskeli za mashindano ya nyika huwa na milimita 100 hadi 120, za njia za kawaida za milimani 120 hadi 150, na za kushuka miteremko mikali hufika 200. Anayeanza anatosheka kabisa na milimita 120 hadi 140. Kila nyongeza juu ya hapo huja na uzito, na kwa bei ileile hulazimisha mtengenezaji kupunguza ubora mahali pengine, mara nyingi palepale kwenye foki (uma wa mbele wenye shokapu yake) na shokapu ya nyuma. Baiskeli nzuri ya aluminiamu ya aina hii kwa kawaida huwa na uzito wa kilo 14 hadi 16. Ukikuta ya kilo 18 au zaidi, na hasa ikiwa ina kibandiko kinachosema isitumike kwenye njia zisizo za lami, basi umbo lake ni la milimani lakini kazi yake siyo, na mtengenezaji mwenyewe amekuambia.

Lipo jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, nami nililikataa nilipoambiwa. Kama fedha uliyonayo haifikii baiskeli mpya ya shokapu mbili yenye sifa hizi, njia za heshima ni mbili tu: nunua iliyotumika, au nunua yenye shokapu ya mbele peke yake. Kwa kiasi kilekile cha fedha, baiskeli yenye shokapu ya mbele tu itakupa foki bora, breki bora na magurudumu imara zaidi, kwa sababu hakuna kilichotumika kulipia viungo na shokapu ya nyuma. Rafiki yangu mmoja alichukua njia hiyo, akaendesha kwa misimu miwili, akajifunza kuchagua mstari kati ya mawe kwa sababu baiskeli yake haikumsamehe makosa, na alipohamia shokapu mbili alijua hasa anatafuta nini.

Mimi nilichagua iliyotumika, na hapo uangalifu ni lazima uwe mara mbili. Nenda mchana, ukiwa na kitambaa na tochi. Inua baiskeli kidogo kwa kushika kiti na uishushe taratibu mara kadhaa. Kiungo au bushi ya shokapu iliyolika utaihisi mkononi ikigota kabla masikio hayajasikia. Shika gurudumu la nyuma na ulisukume kando kama fundi wangu alivyofanya. Kisha futa nguzo za foki na fimbo ya shokapu, na upitishe ukucha juu yake kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, sili, yaani mipira inayozuia mafuta, zitaendelea kukatwa na mafuta yataendelea kuvuja, na matengenezo yake ni ghali. Angalia mishono ya kuchomelea pale mrija wa mbele unapokutana na mirija mingine, na kuzunguka kila kiungo. Mstari mwembamba kwenye rangi unaweza kuwa ufa. Kwa sababu hiyo simshauri mgeni kununua fremu iliyotumika ya nyuzi za kaboni, kwani ufa wake unaweza kujificha ndani. Soma pia vipimo vya shokapu. Ikiwa ni vya kawaida, kama milimita 210 kwa 50 au 230 kwa 65 (urefu wa shokapu kwa umbali ambao fimbo yake inaingia), itakapokufa utapata nyingine. Ikiwa ni vya fremu hiyo peke yake, unanunua tatizo la kesho.

Vingine nitavipitia kwa haraka. Idadi ya gia haina maana: gia 10 au 11 za nyuma na meno ya mbele ya duara moja zinatosha na hazina usumbufu. Muhimu zaidi ni kwamba gia za nyuma ziwe zimevaa juu ya mwili wa habu (kitovu cha gurudumu) wenye beringi hadi karibu na ukingo, kwa kuwa habu za friwili ya kufungia kwa nyuzi huacha ekseli bila tegemeo upande wa mnyororo, na ekseli hizo hupinda au kukatika. Breki ziwe za mafuta, diski ya mbele ikiwa milimita 180 kama inawezekana. Ukubwa wa fremu uchague kwa jedwali la mtengenezaji kulingana na urefu wako, na usikubali kuuziwa ile iliyobaki dukani, hata ikishushwa bei. Nguzo ya kiti inayoshuka kwa kubonyeza kitufe ni kitu ambacho nisingekiacha tena, lakini inaweza kununuliwa baadaye.

Ukiwa umeshanunua, siku ya kwanza iwe ya kurekebisha. Vaa kila utakachovaa njiani, simama juu ya pedeli ukiwa umeegemea ukuta, sukuma kipete cha mpira kilicho kwenye fimbo ya shokapu hadi kiguse sili, kisha shuka bila kuruka. Umbali ambao kipete kimesogea uwe karibu robo au kidogo chini ya theluthi ya urefu wote ambao fimbo inaweza kuingia. Kwenye shokapu ya milimita 50, ni kati ya 12 na 15. Usishtuke utakapofunga pampu kesho yake na kukuta kipimo kimeshuka, kwa kuwa sehemu ya hewa imeingia kwenye bomba la pampu. Kwa shokapu na foki za RockShox, mtengenezaji anataka sehemu ya hewa na miguu ya foki zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa mafuta kila baada ya saa 50 za kuendesha, kwa hiyo weka hesabu ya saa hizo tangu mwanzo. Mimi huziandika kwa kalamu kwenye kipande cha plasta kilichobandikwa chini ya fremu, pamoja na kipimo cha hewa ya mbele, cha nyuma, na idadi ya mibofyo ya kile kitufe chekundu.