Kwa nini AMC Gremlin imekatwa nyuma

Ndugu, umeuliza kama Gremlin, gari dogo la kampuni ya Kimarekani AMC, ilikatwa nyuma kwa makosa. Hapana, ilikusudiwa. AMC haikuwa na fedha za kuunda gari dogo jipya kabisa, kwa hiyo mbunifu wake, Richard Teague, alichukua Hornet, gari jingine la AMC, akaifupisha nyuma ya milango. Mchoro wa mwanzo aliuchora ndani ya ndege, kwenye mfuko wa kutapikia! Ilizinduliwa Aprili 1, 1970, ikazitangulia Vega ya Chevrolet na Pinto ya Ford, magari madogo yaliyoshindana nayo, kwa miezi kadhaa. Gremlin ya bei ya chini kabisa, dola 1,879, haikuwa na kiti cha nyuma, na kioo chake cha nyuma hakikufunguka. Pua ndefu ilibaki ileile ya Hornet, ndiyo maana injini ya silinda 6 iliingia bila shida, na kuanzia 1972 hata V8, yaani injini ya silinda 8. Mimi naipenda hasa kwa hilo. Iliundwa hadi 1978.