Leva ya breki inagusa usukani mteremkoni: nibadilishe oili au breki zote?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nilinunua baiskeli ya milimani ya mtumba, ina breki za Shimano MT200 na diski za milimita 160 mbele na nyuma. Mimi nina kilo 82. Nikishuka milima ya Ngong kuelekea Kona Baridi, mwanzoni breki zinashika vizuri, lakini nikifika katikati leva ya nyuma inalegea hadi inagusa usukani. Nikisimama zipoe, inarudi. Fundi wa bodaboda hapa kwetu anasema oili imepungua, anataka kunijazia DOT 4. Rafiki yangu ananiambia nitupe hizi zote ninunue za pistoni nne. Nimsikilize nani? – Msomaji, Ongata Rongai

JIBU: Njema, ndugu yangu. La haraka kwanza: usikubali mtu yeyote atie DOT 4 kwenye hizo breki. Shimano wanatumia oili ya madini, na sili zilizomo ndani (mipira ya kuzuia uvujaji) zimetengenezwa kwa oili hiyo peke yake. DOT ni oili ya breki ya kemikali ya jamii nyingine kabisa. Ikiingia humo sili zinavimba na kulainika, pistoni zinazosukuma pedi zinakataa kurudi, kisha leva inaanza kuvuja, na hapo hakuna kusafisha kunakosaidia. Mara nyingi unalazimika kununua leva na kalipa (kifaa kinachobana diski) nyingine. Huyo fundi wa bodaboda si mtu mbaya; pikipiki zinatumia DOT, kwa hiyo anatoa dawa anayoijua.

Kwa kuwa baiskeli ni ya mtumba, hujui aliyekutangulia alitia nini. Ukitoa oili ya zamani, dondosha kidogo kwenye glasi ya maji. Ya madini itaelea juu kama mafuta ya kupikia. DOT itayeyuka na kupotelea majini. Angalia na rangi pia: oili mpya ya Shimano ni ya waridi, na ikitoka nyeusi au yenye uchafu, basi imekaa humo muda mrefu.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Breki za diski huzidiwa na joto kwa namna mbili, na leva ndiyo inayokuambia ni ipi. Kuna leva inayobaki ngumu, unaibana kwa nguvu zako zote lakini baiskeli haisimami: hapo oili iko salama, zilizochoka ni pedi, vile vipande vinavyobana diski, zimepata joto kupita kiasi au uso wake umeng'aa kama kioo. Na kuna leva inayozama hadi kwenye usukani, kama yako: hapo ndani ya paipu kuna kitu kinachobanika. Oili haibaniki. Upepo unabanika, na mvuke pia. Kwa kuwa tatizo lako linakuja baada ya kushuka kwa muda na linaondoka breki zikipoa, ninaamini kuna upepo kidogo unaotanuka kwa joto, au maji yaliyoingia na kutuama kwenye kalipa. Oili ya madini haichanganyiki na maji, kwa hiyo tone likiingia linashuka hadi sehemu ya chini kabisa, na hiyo ni kalipa, palepale penye joto kali. Maji yakigeuka mvuke, leva imekwisha.

Joto lenyewe si la kudharau. Wewe na baiskeli mkiwa kilo 97 hivi, mkishuka mita 500 za wima, mnaachilia nishati ya kuchemsha karibu lita moja na nusu ya maji. Upepo na matairi huchukua sehemu yake, ila ukishuka polepole huku umebana breki njia nzima, karibu yote inaingia kwenye diski mbili nyembamba za milimita 160. Ndiyo maana nakuomba ubadilishe na jinsi ya kushika breki: bana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia kabisa diski ipate hewa. Anayeburuta breki ya nyuma kutoka juu hadi chini ataichemsha hata ikiwa ya bei gani. Na tumia ya mbele. Wengi wanaiogopa, ilhali ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu mteremkoni uzito mwingi unahamia mbele.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kubadilisha oili yote na kutoa upepo, mbele na nyuma. Toa gurudumu na pedi, weka kipande cha plastiki katikati ya pistoni zisitoke, kisha weka leva iwe sambamba na ardhi. Funga kikombe cha oili juu ya leva, unganisha bomba la sindano kwenye kalipa, na usukume oili mpya kutoka chini kwenda juu, kwa sababu viputo hupenda kupanda. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Gongagonga kalipa na paipu taratibu kwa mpini wa bisibisi, minyaminya leva nusu nusu, na utazame ndani ya kikombe: viputo vikubwa vinatoka kwanza, halafu vinakuja vidogo kama punje za mchanga, kimoja kimoja, vilivyokuwa vimejificha kwenye kona za leva. Usifunge mpaka hivyo vidogo viishe. Ukimaliza, futa kila tone kabla ya kurudisha pedi.

Ukishatoa upepo na leva ikakaa imara hadi chini ya mlima, hapo ndipo uzungumzie kuongeza nguvu. Ningeanza na diski ya mbele. Kutoka milimita 160 kwenda 203 unapata nguvu ya karibu asilimia 27 zaidi kwa kidole kilekile, na chuma kingi zaidi cha kubeba joto. Unahitaji adapta ya kalipa inayolingana, na hakikisha foki yako (uma wa mbele) inaruhusu ukubwa huo. Kama mwisho wake ni 180, baki hapo. Soma pia maandishi kwenye diski zako za sasa. Diski nyingi za bei nafuu zimeandikwa kwamba ni za pedi za resini pekee. Ukizifungia pedi za chuma zinalika upesi. Kwa mteremko mrefu na matope mekundu ya Machi hadi Mei, mimi napenda pedi za chuma: zinapiga kelele na zinapitisha joto zaidi kwenda kwenye kalipa, lakini hazilegei upesi na haziishi kwa safari chache za mvua kama za resini.

Rafiki yako hakosei kuhusu pistoni nne, ila anaanzia mwisho. Kama unaendesha msitu wa Karura Jumamosi na Ngong mara mojamoja, MT200 zenye oili safi na diski kubwa mbele zitakutosha. Kama mteremko ndio mchezo wako, nunua za pistoni nne, hata kama ni ya mbele pekee kwa sasa. Shimano MT420 ni mlango wa bei nafuu. Deore M6120 na SLX M7120 ziko juu yake. Uzuri wake ni kwamba zote hizo zinatumia umbo moja la pedi, na hata Saint M820 iliyotengenezwa kwa mbio za mteremko inakula pedi hizohizo. Kwa Nairobi, ambako pedi za aina fulani zinapatikana wiki hii na wiki ijayo hazipo, hilo nalipa uzito kuliko sifa nyingi za kwenye katalogi. SRAM Code ni breki nzuri sana lakini zinatumia DOT, ambayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo oili uibadilishe angalau mara moja kwa mwaka.

Pedi mpya usiende nazo mlimani moja kwa moja. Tafuta barabara tulivu, kimbia hadi kilomita 20 kwa saa, punguza mpaka mwendo wa kutembea bila kufunga gurudumu, kisha rudia mara 20 hivi kwa kila breki. Utasikia zinaanza kuuma zaidi na zaidi.

Matunzo ya kila siku ni machache ila hayasamehe. Adui mkubwa ninayemwona ni mafuta. Watu wanaosha cheni kwa dizeli, matone yanarukia diski, na pedi ikishanyonya mafuta itupe. Kuichoma kwenye jiko ni kupoteza gesi. Diski ifute kwa isopropili alikoholi safi. Kuwa makini na spiriti ya duka la dawa, nyingine huchanganywa na mafuta ya mbarika. Pedi zibadilishe nyama ikibaki nusu milimita. Diski ya Shimano huanza na unene wa milimita 1.8, ikifika 1.5 itoe. Vumbi la Ngong likizifanya pistoni zikwame, toa pedi, zisukume nje kidogo tu, zifute kwa pamba ya masikio yenye oili ya madini, uzirudishe kwa kitu cha plastiki. Ukitumia bisibisi pistoni zinaweza kupasuka. Na gurudumu likiwa nje, usibane leva bila kuweka kitu katikati ya pedi.

Kabla ya kurudi Kona Baridi, fanya jaribio moja nyumbani: bana leva kwa nguvu na uishikilie kwa dakika nzima. Ikikaa palepale, nenda. Ikizama polepole, kuna mahali inavuja, na hapo badilisha breki nzima kabla ya kupanda tena.