Njia ya farasi kando ya mfereji London: nipande baiskeli ama nitembee?

SWALI: Habari yako dada mhariri. Mimi niko hapa Jinja, mwezi wa saba naenda London kumwona dada yangu, amejifungua juzi. Shemeji ananiambia kuna njia inafuata mfereji katikati ya jiji lote na baiskeli ataniazima. Sasa mfereji ninaoujua mimi ni Nakivubo pale Kampala, unajua mwenyewe ile harufu. Kweli mtu anaenda kutembea hapo kujifurahisha? Na nikienda nipige pedeli mwanzo mpaka mwisho?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yangu, kwanza hongereni kwa mtoto. Shemeji hakudanganyi, huo ni Regent's Canal, na usiufananishe na Nakivubo kwa sababu Nakivubo kazi yake ni kutoa maji mjini kuyapeleka ziwani, lakini huu ulichimbwa uwe barabara ya mizigo. Kipande cha kwanza mpaka Camden kilifunguliwa 1816, wakamaliza mpaka Limehouse kwenye mto Thames 1820, yote kama kilomita 14 hivi. Mashua hazikuwa na injini, farasi alitembea ukingoni akiikokota kwa kamba, na ile njia ya farasi ndiyo utakayopita wewe.

Baiskeli inaruhusiwa lakini mimi nakwambia itumie kidogo tu. Njia ni nyembamba, mwenye miguu ndiye mwenye haki, chini ya madaraja huoni anayekuja, na upande mmoja ni maji hakuna ukuta wala kamba, kwa hiyo piga kengele, punguza, ikibidi shuka usukume. Halafu ukienda mbio utavipita vitu vyenyewe! Anzia Little Venice, pale mfereji unapoanzia upande wa magharibi, uje mashariki, karibu na Regent's Park kuna daraja linaitwa Macclesfield, simama hapo ushike zile nguzo za chuma kwa mkono, utakuta michirizi mirefu imeingia ndani ya chuma, hiyo ni kamba za farasi zilisugua pale miaka na miaka mpaka chuma kikalika. Tena michirizi iko pande mbili za nguzo. Mwaka 1874 mashua iliyobeba baruti ililipuka chini ya daraja hilo, watu watatu waliokuwa ndani wakafa na daraja likabomoka, walipolijenga upya wakazitumia nguzo zilezile ila wakazigeuza, kamba zikaanza kula upande mwingine. Mimi hapo huwa nakaa muda mrefu, jasho la wanyama wale unalishika kwa vidole.

Baada ya hapo unapita zoo, halafu Camden kwenye milango ya maji inayopandisha na kushusha mashua, pale watu ni wengi sana hasa wikendi, usijaribu kuendesha.

Sasa Islington usishangae, njia inaisha kabisa, mfereji unaingia chini ya kilima kwenye handaki la mita 878 na humo hakuna pa kukanyaga. Zamani farasi alifunguliwa akapandishwa juu kupita kilimani, na wanaume wakalala chali juu ya mashua wakisukuma ukuta kwa miguu gizani mpaka upande wa pili, hebu fikiria hiyo kazi. Wewe utapita juu kama farasi, fuata alama za barabarani utaukuta mfereji tena mbele.

Kuanzia Victoria Park mpaka Mile End ndiyo ningekuruhusu baiskeli, asubuhi mapema kabla watu hawajajaa. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda kwa miguu bila baiskeli ya shemeji, beba maji na kitu cha kula, na ukifika Limehouse kituo cha treni kiko hapohapo, panda urudi, dada yako anataka mtu wa kumshikia mtoto.